Neno na Wenziwe: Kujifunza Msamiati wa Juu wa Kiingereza kwa Maana na Matumizi, Mintarafu ya Port Reitz

Utangulizi

Mgeni anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba atafikia Port Reitz, katika eneobunge la Changamwe, hutarajia kukuta bandari. Shuleni alifundishwa kuwa ‘port’ ni bandari, na kisawe hicho hakina kasoro yoyote. Hata hivyo, waliolipa hori hilo jina lake hawakuona gati wala kreni. Mnamo Februari 1824, Kapteni William Owen wa meli ya Leven alilikubali ombi la Wamazrui wa Mombasa la kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza dhidi ya Sayyid Said wa Omani, akamwacha mjini Luteni John James Reitz awe mwakilishi. Reitz alifariki kwa homa mwaka huohuo, na jina lake likabaki kwenye ramani. Katika Kiingereza cha mabaharia wa enzi hiyo, ‘port’ lilitaja pia mahali pa maumbile ambapo chombo kingeweza kujisitiri na mawimbi, pawe na gati au pasiwe nalo. Alichokitaja mchoraji ramani, basi, kilikuwa ni mkono wa bahari wenye kina na utulivu, magharibi ya kisiwa cha Mvita. Bandari kwa maana ya makontena na winchi ilisogea polepole kutoka Kilindini na Kipevu, hata mwaka 2016 kituo cha pili cha makontena kikafunguliwa kando ya hori hilo. Jina lilikuwa limeingoja bandari kwa karibu karne mbili.

Makala haya yanajadili jinsi msamiati wa juu wa Kiingereza unavyoweza kujifunzwa kwa kuzingatia maana na matumizi katika muktadha, na yanachota mifano yake katika mazingira ya Port Reitz. Huenda msomaji akashangaa kuona mada ya Kiingereza katika jarida la Kiswahili. Lakini ikumbukwe kwamba wengi wa wanaosoma Kiswahili vyuoni huishia kuwa walimu katika shule ambamo lugha hizi mbili hufundishwa mlango kwa mlango, au huwa wafasiri ambao mkate wao umo baina ya lugha hizo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili cha mwanafunzi ndicho chombo chake bora cha kuufikia msamiati mgumu wa Kiingereza, mradi akitumie kwa kuliuliza neno la Kiingereza swali ambalo tayari hujua kuliuliza neno la Kiswahili: je, huandamana na nani?

Kisawe kimoja na hasara yake

Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE, mtahiniwa husoma kifungu kisha huulizwa maana za maneno kadhaa jinsi yalivyotumika ndani ya kifungu hicho. Karatasi ya pili ya Kiswahili huuliza swali lilo hilo katika sehemu ya ufahamu. Mtahini wa lugha zote mbili, kwa hiyo, hataki maana ya kamusini. Anataka maana iliyozaliwa na sentensi. Aghalabu mwanafunzi aliyelelewa Chaani au Magongo hulijibu swali la Kiswahili bila kujua kwamba amefanya kazi ya kisemantiki, akaja kuduwaa mbele ya swali la Kiingereza ambalo ni ndugu yake.

Chanzo cha mduwao huo si kigumu kukiona. Msamiati wa Kiingereza hukusanywa katika daftari lenye safu mbili: kulia Kiswahili, kushoto Kiingereza. ‘Abundant’ ni tele. ‘Perish’ ni kuangamia. ‘Casual’ ni -a kawaida. ‘Draft’ ni rasimu. Mwanafunzi huzikariri safu hizo usiku, na asubuhi akatunga sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba abiria wa feri ya Likoni walikuwa ‘abundant’. Kiswahili hakina tatizo na watu tele ndani ya feri. Kiingereza kinalo, kwani neno hilo hupenda kuandamana na mvua, mavuno, ushahidi au akiba. Watu waliosongamana huhitaji neno jingine. Sarufi ya mwanafunzi huyo ni sahihi, kisawe chake ni sahihi, na sentensi yake ni mbovu. Mwalimu akiikata kwa kalamu nyekundu bila kueleza, mwanafunzi huhitimisha kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na mantiki, na hitimisho hilo humfuata maisha yake yote.

Neno hujulikana kwa wenziwe

Kwamba maana hukaa katika muktadha ni wazo lenye historia ndefu, na kwa bahati njema sehemu ya historia hiyo ni ya watu wa pwani, ingawa ni pwani ya mbali. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland, aliishi na wavuvi na wakulima wa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Katika insha yake ya mwaka 1923 alieleza kwamba maneno ya mabaharia wa huko waliokuwa wakishindana kwa mitumbwi hayakufasirika neno kwa neno. Ilimbidi mfasiri aeleze kwanza mashindano yenyewe, makasia, kina cha maji na majivuno ya wapiga makasia. Hapo ndipo kila neno lilipopata maana. Mwanaisimu J. R. Firth, aliyefundisha Lahore kabla ya kurudi London, alilikuza wazo hilo na kulisogeza ndani ya sentensi. Kwa mujibu wa Firth, katika maandishi yake ya mwaka 1957, neno hutambulikana kwa maneno linayofuatana nayo.

Waliotunga kamusi za wanafunzi walilifikia jambo hilo kwa njia ya ualimu. A. S. Hornby alikuwa akifundisha Kiingereza Japani alipotambua, pamoja na wenzake wawili, kwamba mwanafunzi wa kigeni hahitaji kuambiwa tu neno lina maana gani. Anahitaji kuonyeshwa linaingiaje katika tungo. Kamusi yao ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, ikatolewa tena na Oxford mwaka 1948, na ndiyo mama wa ile kamusi nene ya wanafunzi wa ngazi ya juu inayopatikana hadi leo katika maktaba nyingi za shule nchini Kenya. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walikwenda mbali zaidi katika kamusi ya COBUILD: kila kidahizo kilifafanuliwa kwa sentensi kamili, ili neno lionekane likiwa kazini.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo halina budi kutajwa hapa, kwa maana wengi hulichukulia shauri la ‘kisia maana kutokana na muktadha’ kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Hu na Nation, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walipima ni maneno mangapi msomaji sharti ayajue ili aelewe hadithi bila msaada. Jibu lao lilikuwa takriban asilimia 98, yaani neno moja geni katika kila hamsini. Pale ambapo neno moja katika kila matano lilikuwa geni, hakuna msomaji wao hata mmoja aliyefikia ufahamu wa kuridhisha. Maana yake ni kwamba muktadha nao hujengwa kwa maneno. Asiyeyajua maneno ya kutosha hana muktadha wa kukisia. Kumwambia mwanafunzi akisie katika kifungu kilichojaa giza ni sawa na kumwambia avuke hori kwa mtumbwi usio na sakafu. Kifungu kiteuliwe kwa kipimo chake.

Meli, manowari na stima

Wakazi wa pwani ya Mombasa walikuwa wakijifunza maneno ya Kiingereza kwa muktadha kabla ya shule kuwafikia wengi wao. Ushahidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno ‘meli’ linatokana na lile la Kiingereza litajalo barua na vifurushi vya posta, kwa sababu merikebu za moshi zilizotia nanga zilikuwa zikichukua posta. ‘Manowari’ ni maneno matatu ya Kiingereza yaliyosikiwa kama moja. ‘Stima’ ilikuwa merikebu iendeshwayo kwa mvuke, na leo mkazi wa Changamwe akilalamika kwamba stima zimepotea, hakuna anayetazama baharini: ni umeme uliokatika.

Mifano hii hutajwa sana katika mihadhara ya leksikolojia kama mifano ya ukopaji, kisha hupitwa. Ingefaa isipitwe upesi, kwani inaonyesha nguvu na hatari ya muktadha kwa mara moja. Mpagazi wa ufukweni aliyesikia neno la posta likitamkwa kila chombo kilipoonekana alifanya kile hasa ambacho walimu wa lugha hushauri: alilihusisha neno na kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Alichokiona kikubwa kuliko vyote kilikuwa chombo, wala si magunia ya barua yaliyokuwa tumboni mwake. Kama kujifunza Kiingereza, hilo lilikuwa kosa. Kama kukitajirisha Kiswahili, lilikuwa faida isiyo na mfano, na hakuna anayelilia neno hilo lirudi posta. Lakini mwanafunzi wa leo hatajirishi lugha. Anafanya mtihani, au anasoma mkataba. Kwake, kukutana na neno mara moja, mahali pamoja, ni hatari ileile ya mpagazi. Muktadha mmoja huonyesha kilichopo. Huhitajika muktadha wa pili na wa tatu ili kujulikane kipi kati ya vilivyopo ndicho kinachotajwa.

Kibarua na ‘casual’

Kati ya maneno yote ya Kiingereza yanayozunguka maghala, viwanda na yadi za makontena za Changamwe, hakuna linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko ‘casual’.

Lianziwe na mwenzake wa Kiswahili. Kibarua, kwa umbo, ni udogo wa barua: kikaratasi. Mfanyakazi wa siku alipewa kadi iliyotiwa alama kila alipomaliza siku ya kazi, na kwa alama hizo akalipwa. Jina la kadi likahamia kwenye kazi, likatoka kwenye kazi likahamia kwa mtu, na upatanisho wa kisarufi ukalifuata: vibarua wamefika, vibarua wamegoma. Halikutulia hapo. Siku hizi timu ya kandanda inayokutana na bingwa huambiwa ina kibarua kigumu, na aliyeachishwa kazi ya mshahara wa mwezi, hata akiwa meneja, husemwa kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Mtoto wa Port Reitz huzielewa maana zote hizi bila kuchanganyikiwa, kwa sababu hakuzipata katika orodha. Kila maana aliipata pamoja na wenziwe: kigumu, kuota nyasi, kugoma, kulipwa.

Sasa aligeukie ‘casual’. Daftari lilimwambia ni -a kawaida. Akisoma kwamba watu wawili walikuwa na mkutano wa namna hiyo, maana ni kwamba walikutana kwa nasibu. Akisoma kwamba kauli ilikuwa hivyo, ilitolewa bila kupimwa. Mavazi yakiwa hivyo, si rasmi. Mfanyakazi akiwa hivyo, ni kibarua. Kisawe cha daftari kinafaa kidogo kwa mavazi, kwa mengine hakifai kabisa. Hata hivyo, maana hizo si kundi la wapita njia. Asili ya neno ni Kilatini, katika dhana ya kuanguka na kutokea kwa bahati, na uzi huo unapita kote: jambo lisilopangwa, lisilofungwa. Hii ni polisemi, na mwanafunzi akiushika uzi huo ataweza kulikabili neno hilo hata mahali ambapo hajawahi kulikuta.

Uzi huohuo unaeleza mengi kuhusu historia ya mahali. Kwa miongo kadhaa kazi ya kupakua na kupakia Kilindini ilifanywa zaidi na watu walioitwa asubuhi na kuachwa jioni. Migomo mikubwa ya Mombasa ya mwaka 1939 na Januari 1947 ilikuwa na wafanyakazi wa namna hiyo ndani yake, na miaka iliyofuata serikali ya kikoloni na waajiri walijitahidi kuupunguza mtindo huo bandarini na kujenga kundi la wafanyakazi wa kudumu. Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika kitabu kizima juu ya badiliko hilo, kilichotolewa mwaka 1987. Msomaji wa kitabu hicho anayelibeba neno lenye maana ya mavazi yasiyo rasmi hatafika ukurasa wa kumi.

Lakini hasara ya kweli haimo katika vitabu vya historia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 2, inampa ‘casual employee’ maana yake maalumu: ni mtu ambaye masharti ya kazi yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa ishirini na nne kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaendelea kusema kwamba mtu kama huyo akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu, ajira yake huacha kuwa ya kutwa. Huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi, na haki ya kupewa taarifa kabla ya kuachishwa humfikia.

Hapa maana ya kamusini, maana ya mtaani na maana ya sheria zinaachana njia. Mtaani, kibarua ni mtu asiye na dai, hata awe amefanya kazi ghala lilelile kwa mwaka mzima. Ndiyo maana husikika mtu akisema kwa unyonge kwamba yeye ni kibarua tu. Katika sheria, neno hilo lina mpaka wa saa na siku, na anayeuvuka mpaka huo huwa ameshatoka ndani ya neno. Kijana wa kidato cha nne anayeletewa karatasi ya Kiingereza na babake ili amsomee hasaidiki na safu mbili za daftari. Akitafsiri kwamba baba ni ‘mfanyakazi wa kawaida’, amempotosha. Akisema ‘kibarua’ na kunyamaza, amemwacha mzee na maana ya mtaani ambayo ndiyo inayomdhulumu. Tafsiri iliyo sahihi ni ndefu kuliko neno, kwa kuwa ni lazima ibebe saa ishirini na nne, mwezi mmoja na miezi mitatu.

Kabla ya kuliacha neno hili, jamaa yake wa karibu anahitaji sentensi chache. ‘Casualty’ ni sehemu ya hospitali anakopelekwa aliyegongwa na lori barabarani. Katika habari za vita, neno hilo katika wingi hujumuisha waliokufa pamoja na waliojeruhiwa. Mfasiri wa habari anayeandika ‘majeruhi wengi’ amewaficha wafu, na anayeandika ‘vifo vingi’ amewazika walio hai. Kiswahili kinaweza kusema waathiriwa, au kusema wafu na majeruhi. Uamuzi hutegemea habari yenyewe.

Maneno mengine ya ufukweni

Rubani ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kiongozi wa chombo cha baharini, kisha likapaa. Port Reitz ni miongoni mwa mahali pachache ambapo maana zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja: rubani mmoja anaipanda meli nje ya mlango wa Kilindini ili aiongoze hadi gatini, na mwingine anaishusha ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi, hatua chache kutoka hapo. Kiingereza nacho kina ‘pilot’ wa aina zote mbili. Kwa hiyo mwanafunzi hudhani amepata jozi isiyo na mushkeli, mpaka anapokuta ‘pilot’ mbele ya mradi au utafiti. Rubani hafai hapo. Kiswahili husema mradi wa majaribio. Hata hivyo, taswira ni moja: kinachotangulia kupima njia ili kikubwa kifuate kwa usalama.

‘Perish’ iliyokaririwa kuwa kuangamia hukutwa ubavuni mwa kontena la baridi, katika umbo la kivumishi, ikitaja samaki, maua na maparachichi. Samaki haangamii, huoza. Shehena hiyo ni ya bidhaa ziharibikazo upesi. Yamkini hakuna mwanafunzi wa eneo hili asiyewahi kuliona umbo hilo likipita barabarani nyuma ya trela, lakini ni wachache walioambiwa kwamba ni neno lilelile la kitabuni.

Mfano wa nne ni wa juu kidogo. Wakala wa forodha huogopa ‘demurrage’, gharama inayotozwa meli au kontena linapocheleweshwa kupita muda uliokubaliwa. Katika riwaya, mhusika aliyeombwa jambo naye akasitasita au akapinga kwa upole husemwa kwamba ‘demurred’. Maneno haya mawili yana shina moja la Kifaransa cha kale, lenye maana ya kukawia. Mtoto wa mwajiriwa wa bandarini anayelijua la kwanza kwa kusikia malalamiko ya nyumbani ana ufunguo wa la pili, ambalo wenzake wa bara hulikariri kwa taabu. Hajui tu kwamba anao.

Hali kadhalika, meli hu‘draw’ mita kadhaa za maji, na mita hizo ndizo zinazoamua kama itaweza kufunga gatini. Kuchora hakumo humo. Mtu pia huweza ku‘draw’ mshahara, maji kisimani au hitimisho, na katika yote hayo wazo la msingi ni kuvuta. Kuchora kwenyewe kumetokana na kuivuta kalamu.

Kwa upande mwingine, ‘protectorate’ ni onyo dhidi ya kuamini shina kupita kiasi. Kila mwanafunzi anajua kwamba ‘protect’ ni kulinda. Wamazrui waliotaka ulinzi mwaka 1824 waliutaka katika maana hiyo, na walikuwa nao kwa miaka miwili tu, kwani Uingereza iliuacha mwaka 1826. Lakini ulipofika mwaka 1920 na nchi ikaitwa Koloni na ‘Protectorate’ ya Kenya, neno hilo lilikuwa jina la hadhi ya kisheria ya ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, Port Reitz ikiwa ndani yake, hadi mwaka 1963. Ni nani alikuwa akilindwa, na dhidi ya nani, si swali ambalo shina la neno linaweza kulijibu. Istilahi nchi lindwa imejitahidi, lakini nayo hudai maelezo ya darasa zima la historia.

Kiswahili darasani mwa Kiingereza

Yapo mazoea ya muda mrefu katika shule za Kenya ya kukifukuza Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za nyumbani, katika vipindi vya Kiingereza na hata uwanjani. Ngũgĩ wa Thiong’o alieleza katika insha zake za mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa kizazi chake walivyoadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Adhabu zimebadilika sura; dhana iliyozizaa, kwamba lugha moja huingia kichwani kwa kuitoa nyingine, bado ina wafuasi. Katika suala la msamiati dhana hiyo ni hasara tupu. Humnyima mwanafunzi uwanja ambao yeye tayari ni bingwa wake.

Chukua kivumishi -kali. Jua kali, mbwa mkali, kisu kikali, pombe kali, sheria kali. Mwanafunzi yeyote wa Changamwe atatoa mifano kumi kabla mwalimu hajamaliza kuandika mitano. Akiulizwa Kiingereza chake, ataona kwamba kila nomino inadai kivumishi chake: cha jua si cha mbwa, cha kisu si cha pombe, wala cha sheria. Zoezi hili la dakika kumi hufundisha mambo mawili ambayo saa nyingi za kukariri hazifundishi. Kwanza, kwamba hakuna neno la Kiingereza linaloitwa ‘-kali’. Pili, kwamba mkanganyiko haukuletwa na Kiingereza peke yake. Mwingereza anayejifunza Kiswahili huteseka vivyo hivyo na kitenzi kata, ambacho kwa mkupuo mmoja humkatia mtu kiu, tiketi, tamaa, rufaa, shauri na roho.

Kamusi za tafsiri zina nafasi yake katika kazi hii. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, imewafaa wengi, na ingewafaa zaidi kama wasomaji wangeyazingatia yote yaliyomo chini ya kidahizo, nambari baada ya nambari, badala ya kukimbia na neno la kwanza. Kukimbia huko ni tabia ya msomaji, na lawama isitupiwe kamusi. Vilevile, orodha si haramu. Orodha ya Coxhead ya msamiati wa kitaaluma, iliyochapishwa mwaka 2000, ina familia za maneno 570 na hufunika takriban asilimia kumi ya maandishi ya vyuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeijua hapotezi wakati. Suala ni nini kinaandikwa mbele ya kila neno la orodha. Pakiandikwa sentensi tatu kutoka mahali patatu tofauti, mathalani gazeti, kitabu cha kiada na karatasi ya forodha, na maneno yanayoliandama yakapigiwa mstari, Kiswahili cha maelezo kitakachofuata kitakuwa kimepatikana kwa jasho, na aghalabu kitakuwa kirefu kuliko neno moja.

Walimu wanaolalamika kwamba njia hii ni ya polepole wana haki. Maneno matano kwa kipindi ni mengi, ilhali mtahini hangoji. Hata hivyo, daftari la maneno mia mbili yenye kisawe kimoja kimoja ndilo linalozaa abiria waliokuwa ‘abundant’ kwenye feri.

Limesalia neno moja ambalo lilipitwa kimyakimya hapo juu. Kifungu cha 37 hakisemi kwamba kibarua aliyemaliza mwezi ni mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Kinasema ajira yake itakuwa ‘deemed’ kuwa hivyo. Katika Kiingereza cha kila siku kitenzi hicho hakisikiki sana, na aghalabu hukaribiana na kudhani au kuona. Katika sheria hufanya kazi nzito zaidi: hulifanya jambo liwe hivyo machoni pa mahakama, atake mwajiri asitake, kadi ya kutwa iwepo isiwepo. ‘Kudhaniwa’ ni dhaifu mno. ‘Kuchukuliwa kuwa’ ndicho wengi wangekimbilia, nacho kinaacha mwanya wa kuuliza: kuchukuliwa na nani? ‘Kuhesabiwa kuwa’, kilichotumika katika makala haya, kina uzito wa hukumu, lakini kwa mtu wa maghalani, ambaye hesabu kwake ni magunia na siku za malipo, huenda kikasikika kama jambo la pesa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya zoezi la tafsiri anaweza kuanza na kitenzi hicho. Akiisha kukifasiri, aipeleke tafsiri yake langoni mwa ghala jioni, vibarua wanapotoka, awasomee, kisha awaulize wameelewa nini.